Habari za Johannes Rebmann, Aliyekaa Rabai Miaka 29



Huku kwetu Chanika watu wengi huamka kungali usiku. Jogoo wa kwanza akiwika, mama muuza mboga amekwisha kufunga matenga yake, na fundi amekwisha kushika njia ya Pugu kwenda mjini. Jioni hurudi wamechoka, na sala yao huwa fupi, au huachwa mpaka kesho. Mwinjilisti naye ana uchovu wake. Hufundisha darasa la ubatizo mwaka baada ya mwaka, hutazama wagonjwa, na akihesabu waliokuja na waliobaki, moyo humlegea. Kwa ajili ya hao nimeona vema kuandika habari za mtu mmoja wa zamani. Jina lake hutajwa shuleni kwa sababu ya mlima aliouona siku moja. Bali mimi nataka hasa kusimulia siku zake nyingine, ambazo hazitajwi.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, nchi ya Württemberg katika Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, na Kanisa lao lilikuwa la Kilutheri. Katika nchi ile walikuwako Wakristo wengi waliozoea kukusanyika nyumbani jioni, wakisoma Biblia na kuomba pamoja, na kijana huyu alikua katika desturi hiyo. Akaenda kusoma katika shule ya Misioni ya Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, akawekewa mikono mwaka 1845 katika Kanisa la Anglikana. Maana chama chao cha misioni, CMS, kilitafuta watu wa kwenda ng'ambo, na Basel ilikuwa nao. Jambo hilo huenda likawashangaza wengine wetu tunaogombania majina ya makanisa.

Alifika Mombasa tarehe 10 Juni 1846. Huko alimkuta mwenzake kutoka nchi moja, Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla ya hapo, katika Julai 1844, alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Basi Rebmann alijua tangu siku ya kwanza kwamba nchi hii huua. Yeye mwenyewe akashikwa na homa mara moja. Hata ilipofika tarehe 25 Agosti, siku waliyoagana na wazee wa Rabai kwamba watapanda kukaa kwao, wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakampanda kwa zamu, na mlima wa Rabai si mdogo kwa mtu mwenye homa. Hivyo ndivyo kituo kile kilivyoanza, watu wawili wanatetemeka na punda mmoja amechoka.

Mwaka 1848, tarehe 27 Aprili, Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchaga. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, pamoja na wapagazi wachache. Rebmann hakuchukua bunduki, ila mwavuli wake. Wakapita Teita, wakaingia katika nyika ile kubwa, na asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona juu ya mlima kitu cheupe, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, yule hakuwa na neno la theluji, maana pwani haiko; akakiita baridi, basi. Rebmann akafahamu mara moja anachokitazama, kwa kuwa alizaliwa katika nchi ya theluji. Baadaye Wachaga wakampa jina lake hasa, kibo, wakamwambia na habari za watu waliotumwa zamani kupanda kule juu, waliodhani ule weupe ni fedha.

Hapa nataka tukae kidogo. Walipopumzika mahali pale, Rebmann alifungua Biblia yake. Hakuchagua Zaburi ya kufaa mlima. Alikuwa na desturi ya kusoma kwa mfululizo kila siku, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Zaburi 111. Mwisho wa kusoma aliona kwamba imemwingia moyoni mara mbili zaidi, hasa aya ya sita, kwa sababu ya ule mlima uliokuwa mbele yake na watu wa nchi ile waliokuwa hawajasikia Injili. Tafadhali, ndugu mwinjilisti, ifungue Zaburi hiyo mwenyewe uione. Mimi hushangaa kila nikiisoma habari hii. Kama angalikuwa mtu wa kusoma akipata nafasi tu, siku ile asingalisoma, maana njiani hakuna nafasi. Kuna jua, kuna kiu, kuna wapagazi wanaonung'unika na mizigo. Alisoma kwa kuwa alisoma jana yake na juzi yake.

Barua yake ilipofika Ulaya ikachapwa mwaka 1849, wataalamu wengine walimcheka. Aliyemkatalia zaidi ni Desborough Cooley wa London, bwana mwenye elimu kubwa ya ramani, lakini hakupata kukanyaga nchi zetu. Akashika kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta, na kwamba yule mmisionari ameona vibaya. Maneno hayo yalidumu miaka mingi. Mwaka 1861 na 1862 ndipo Mjerumani mwingine, von der Decken, alipokwenda Kilimanjaro na vyombo vya kupimia, akaiona theluji kwa macho yake. Katika muda wote huo Rebmann alibaki Rabai na kazi yake. Alikuwa ameona, akasema alichokiona, na kesho yake akaendelea.

Lakini msidhani moyo wake ulikuwa wa jiwe. Katika mwezi wa Aprili 1849 aliondoka mara ya tatu kwenda Uchaga, akikusudia kupita mpaka Unyamwezi, akachukua vitu vingi vya kumfaa njiani. Akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, aliyempokea vizuri safari iliyotangulia. Safari hii mangi akaomba kitu, akapewa. Akaomba kingine, akapewa. Siku zikapita, na nguo na ushanga vikaisha, na njia ya Unyamwezi ikafungwa kwa kukosa mali. Ndipo Rebmann akalia machozi mbele ya watu. Mangi alipoambiwa kwamba analilia mali yake, Rebmann alieleza kwamba vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao, ili watu wa nchi hizi wafundishwe neno la Mungu, na sasa vimepotea bila kazi. Nadhani kila mweka hazina wa usharika ataelewa machozi hayo. Akarudi kwa miguu katika mvua, mgonjwa wa tumbo, akafika Rabai mwisho wa Juni. Hakuenda bara tena.

Baada ya hapo mashauri ya wale wenzi wawili yakaachana. Krapf alikuwa mtu wa macho ya mbali. Aliwaza mstari wa vituo kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi, na alitaka kwenda, kwenda, kwenda. Rebmann aliona kwamba mahali pamoja panatosha maisha ya mtu mmoja, na kwamba mhubiri asiyeijua lugha huhubiria miti. Walivumiliana, lakini hawakupatana katika hilo. Krapf akaondoka kwa ugonjwa mwaka 1853, naye Rebmann akakaa.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa maneno. Aliyakusanya ya Kiswahili na ya Kinyika, akiuliza, akiandika, akifuta, akiuliza tena. Alimpata pia mtu mmoja aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyetekwa huko Nyasa akaletwa pwani, na kutoka kinywani mwake akaandika kamusi ya Kinyasa, lugha ya nchi ambayo Rebmann hakuiona maisha yake yote. Pamoja na Jakob Erhardt alikusanya habari za wasafiri wa bara, zikatoka ramani iliyochapwa Ulaya mwaka 1856. Ramani hiyo ilikosea, kwa maana ilifanya maziwa yetu matatu makubwa kuwa bahari moja; hata hivyo iliwafanya watu waje kutazama. Burton na Speke walifika Rabai mwaka 1857, nao waliokuwa Ulaya walitumaini kwamba Rebmann atafuatana nao. Hakufuatana nao.

Alikuwa amemwoa Emma mwaka 1851 huko Misri, mwanamke mwenye kuijua kazi ya misioni. Mtoto wao wa kiume alikufa akiwa mchanga. Mwaka ule wa 1857 Wamasai waliishambulia nchi ya Rabai, watu wakatawanyika, na Rebmann na mkewe wakalazimika kukaa mbali na nyumba yao kwa muda mrefu. Wakarudi, wakaanza tena. Mwaka 1866 Emma akafariki, na tangu hapo akakaa peke yake.

Na waliobatizwa je? Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Wa kwanza alikuwa Mringe, kiwete, mtu asiyehesabiwa na wenziwe. Naye alimvuta Abe Gunja, na Abe Gunja akamleta mwanawe Nyondo. Ukiendelea kuhesabu utaona kwamba baada ya miaka zaidi ya ishirini wote wangeweza kukaa katika mabenchi machache. Wageni walioingia Rabai mwanzo wa miaka ya 1870 walimkuta mzee aliyeinama juu ya karatasi zake, macho yakimwisha, na kusanyiko dogo sana. Wengine waliandika kwao kwamba kazi yake imekuwa bure.

Mimi sitaki kumfanya kuwa mtu asiye na kosa. Yawezekana alijifungia mno na kamusi. Yawezekana angalitembea vijijini zaidi, wangalisikia wengi zaidi. Krapf alifikiri hivyo, naye alimpenda. Tena mtu akizoea kukaa peke yake miaka mingi huwa mgumu wa kushauriwa, na wasaidizi waliotumwa kwake hawakuona kazi rahisi. Lakini jambo moja siwezi kulipita. Katika miaka 29 hakurudi Ulaya hata mara moja, na katika miaka hiyo hakuna msimu aliopewa matunda mengi ya kumtia nguvu kwa msimu unaofuata. Wengi wetu huomba tukiona jibu. Tukikosa jibu mwezi wa tatu, tunasema sala imekataliwa. Yeye aliamka, akasoma sehemu yake ya siku, akaomba, akamwita Salimini au mwingine akae karibu naye, akashika kalamu.

Mwaka 1875 alikuwa kipofu kabisa. Mwaka uliotangulia Price wa CMS alikuwa amefika Mombasa, na kando ya mji kikaanzishwa kijiji cha watumwa waliokombolewa, kikaitwa Freretown. Ilikuwa wakati wa kuwaachia wengine. Basi Rebmann akapanda meli kwenda Ulaya, na aliyemshika mkono njia nzima alikuwa Isaac Nyondo, yule mwana wa Abe Gunja. Fikirini safari hiyo: mzee aliyekuja kijana mwenye macho makali ya kuona theluji kutoka mbali anarudi akiongozwa na mtoto wa mmoja wa wale wachache aliowafundisha.

Alikaa Korntal, karibu na kijiji alikozaliwa, alikokuwa Krapf pia. Huko akaoa mara ya pili, mjane wa mmisionari, akaishi miezi michache tu. Injili ya Luka kwa Kiswahili, aliyoifasiri yeye, ilichapwa mwaka huo huo wa 1876, na tarehe 4 Oktoba akafariki. Krapf aliitengeneza ile kamusi ya Kinyasa, ikatoka mwaka 1877. Kisha Krapf akamaliza kamusi yake kubwa ya Kiswahili, ambayo ndani yake imo kazi ya Rebmann pia, lakini hakuiona imechapwa. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa katika sala. Kamusi ikatoka London mwaka 1882.

Misioni ya Berlin ilifika Dar es Salaam mwaka 1887, ikaingia Uzaramo, ikajenga Kisarawe na Maneromango. Waliokuja hawakuhitaji kuanza na lugha isiyoandikwa, kama alivyoanza yeye. Na Rabai yenyewe, kituo kile cha mabenchi machache, ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Walikuja wengi hata mwanzo wa Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru hapo. Isaac Nyondo hakukaa Ulaya. Alipomaliza kumhudumia mzee wake alirudi Rabai, akashika kazi ya kufundisha.