Tippu Tip: mtu aliyepewa jina na mlio wa bunduki

Kwa mkaaji wa Lusenda, Baraka au Fizi, risasi si kitu cha kuelezwa. Watoto wengi wa huku wanaitambua sauti yake kabla hawajajua kuandika majina yao. Lakini si wengi wanaojua kwamba neno lenyewe lilifika kwetu kwa miguu, katika misafara ya pembe na watumwa, pamoja na lugha hii tunayoandikia. Risasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jina la madini: yale mazito, laini, ya kijivu, yaliyomo ndani ya betri ya gari. Watu walipoona kwamba kinachotoka bundukini na kuua ni kipande cha madini hayo, jina likabaki moja kwa vyote viwili.

Mtu ambaye maisha yake yanaonyesha habari hiyo kuliko mwingine yeyote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Sisi tunamjua kwa jina la Tippu Tip.

Kijana wa misafara

Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka wa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora, huko Unyamwezi. Hamed alianza kazi akiwa na miaka 12 hivi, akisafiri na ndugu zake sehemu za karibu na pwani kununua sandarusi. Alipofika miaka 18 alimfuata baba yake hadi Tabora, na kutoka huko akavuka ziwa Tanganyika kuingia upande wetu wa magharibi kutafuta pembe za ndovu.

Biashara hiyo ilihitaji vitu vitatu: nguo na shanga za kubadilishana, wapagazi wa kubeba, na bunduki. Mfanyabiashara alikopa mali kwa matajiri wa Zanzibar, wengi wao Wahindi, akaenda bara miaka mingi, akarudi na pembe za kulipa deni. Akirudi mikono mitupu ameharibikiwa. Kwa hiyo kila mzigo ulihesabiwa, na mizigo ya baruti na ya risasi ilihesabiwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ilipoisha, msafara haukuwa tena na kitu cha kuogopwa.

Risasi ilivyotengenezwa

Bunduki nyingi za misafara zilikuwa magobore, yanayojazwa kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha tufe la risasi, vikasukumwa ndani kwa mti. Mwenye gobore hakutegemea kununua risasi iliyo tayari. Alichukua kipande cha madini, akakiyeyusha mwenyewe.

Kazi hiyo haikuhitaji kiwanda. Madini ya risasi yanayeyuka kwenye joto la digrii 327, hivyo chungu kidogo na makaa yanatosha. Shaba inataka zaidi ya digrii 1,080, yaani tanuru na mivukuto. Risasi ikishakuwa maji, takataka zinazoelea juu huondolewa kwa kijiko, kisha humiminwa katika kalibu, chombo cha vipande viwili chenye shimo la mviringo katikati. Inaganda upesi. Kalibu ikifunguliwa, tufe linaanguka, na kijimkia kilichobaki mahali pa kumiminia kinakatwa kwa kisu.

Ulaini wake ndio faida yake na ndio ubaya wake. Inapopita kwa nguvu ndani ya mtutu inaacha uchafu wa madini, na bunduki inaanza kukosa shabaha. Ndiyo maana mafundi wa karne ile walilivika tufe kitambaa chenye mafuta, au waliipaka risasi nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Mahali ambapo madini ya risasi hayakupatikana, watu waliweka shaba au vipande vya chuma kutoka kwa wahunzi wa kijiji.

Huko Marekani na Ulaya wako watu ambao mpaka leo wanafanya kazi hiyo nyumbani kwa kujifurahisha. Wanayeyusha risasi kuukuu, wanaimimina katika kalibu, wanaipaka unga wa rangi na kuichoma ndani ya oveni ndogo hadi ipate ngozi ngumu. Siku ya mapumziko wanakwenda uwanjani kulenga karatasi. Hata wao huonywa wajihadhari na moshi na vumbi lake, kwa maana madini haya ni sumu, na yanaharibu hasa akili ya mtoto. Kwa watu wa Tippu Tip, shabaha haikuwa karatasi.

Vita na Nsama

Jina lake lilitokea katika vita vya mwaka 1867. Nsama alikuwa mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Aliogopwa sana. Zamani alikwisha kuwashinda wafanyabiashara Waarabu na kuwanyang'anya mali yao, na Tippu Tip alionywa asiende.

Alikwenda, akiwa na pembe mbele ya macho yake. Alipokuwa ndani ya boma la Nsama, mishale ilianza kurushwa na yeye mwenyewe akajeruhiwa. Watu wake wakafyatua bunduki zao katikati ya umati uliosongamana. Waliokufa walikuwa wengi, wengine kwa risasi, wengine kwa kukanyagana wakikimbilia milangoni. Nsama alikimbia, na Tippu Tip akachukua akiba ya pembe na shaba iliyokuwa imewekwa miaka mingi. Mwaka huohuo msafiri Mskoti David Livingstone alikutana naye katika nchi hizo na kusikia habari ya vita hivyo.

Kwa maelezo ya Tippu Tip mwenyewe, waliokimbia ndio waliompa jina hilo, kwa kuiga mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema lilitokana na macho yake, ambayo yalikuwa yakipepesa daima. Yeye alilipenda lile la bunduki, na hilo peke yake linatuambia jinsi alivyotaka kukumbukwa.

Bwana wa Kasongo

Kutoka hapo alizidi kuingia ndani. Huko Utetela alijitambulisha kama ndugu wa ukoo wa mtawala, akakubaliwa, akapewa utawala. Mwaka 1874 alikutana na Mwingereza Cameron kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Baadaye akafanya makao yake Kasongo, katika Maniema. Mashamba ya mpunga yalipandwa, nyumba za mtindo wa pwani zikajengwa, na Kiswahili kikaenea kama lugha ya soko na ya amri.

Lakini mji huo ulisimama juu ya migongo ya watu. Vijiji vilivyokataa kutoa pembe vilichomwa, na wanawake na watoto wakakamatwa. Pembe zilibebwa na watumwa na wapagazi hadi ziwani, na kutoka ziwani hadi baharini. Hali ya Maniema ilionekana wazi tarehe 15 Julai 1871 pale Nyangwe. Watu wa mfanyabiashara mwingine, si wa Tippu Tip, walifyatua bunduki ndani ya soko lililojaa wanawake. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, na alikadiria kwamba watu 300 hadi 400 walikufa, wengi wao wakizama mtoni.

Upande wetu wa ziwa nao haukupona. Mshirika wa Tippu Tip, Muhammed bin Khalfan aliyeitwa Rumaliza, alikaa Ujiji, na watu wake wenye bunduki walivuka maji na kutawala pwani hii mpaka Uvira. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misioni Kibanga, kwenye rasi ya Ubwari, na waliokimbia wavamizi walitafuta usalama kwao. Leo Lusenda inapokea wakimbizi waliotoka Burundi. Kukimbia bunduki kando ya ziwa hili ni jambo la zamani.

Mkataba na Stanley

Mwaka 1876 Tippu Tip alikubali kumsindikiza Henry Morton Stanley kutoka Nyangwe kuteremka mto, kwa ahadi ya dola 5,000. Waliachana mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Stanley aliendelea mpaka baharini, na safari hiyo ndiyo iliyomfungulia Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, mlango wa Kongo.

Walikutana tena Zanzibar mwaka 1887. Sasa Stanley alikuja na bunduki 510 za Remington, zinazojazwa kwa nyuma na kutumia risasi zilizofungwa tayari kiwandani, na pia bunduki ya Maxim inayopiga mfululizo. Tippu Tip alipewa cheo cha gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Naye aliahidi kutoa wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha.

Mkataba huo ukaleta ugomvi, na chanzo kimoja kilikuwa baruti. Tippu Tip alisema aliahidiwa baruti na fataki kwa ajili ya watu wake, na hazikufika. Stanley alimlaumu kwamba alichelewesha wapagazi, akafungua mashtaka Zanzibar. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo kwenda kujibu kesi hiyo, ambayo baadaye ilifutwa. Hakurudi tena.

Pengine aliona kinachokuja. Aliyezoea kumimina risasi kwa kalibu juu ya makaa hawezi kushindana muda mrefu na anayeletewa masanduku kutoka viwanda vya Ulaya. Tena, kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki mpya zisiuzwe katika sehemu hizi za Afrika. Yaliruhusu zile kuukuu za gumegume na baruti ya kawaida tu. Bunduki bora zilibaki mikononi mwa dola zao.

Vita vilipigwa toka 1892 hadi 1894. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Rumaliza alishindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Wengi waliotazamia amani hawakuipata. Katika miaka ya mpira, askari wa Leopold walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi bure, na uthibitisho ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Risasi iliendelea kuhesabiwa. Maisha ya watu hayakuhesabiwa.

Mzee wa Zanzibar

Tippu Tip alimaliza siku zake Zanzibar, tajiri mwenye mashamba. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyeitoa kazi hiyo kwa wasomaji wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Alikufa Juni 1905, na nyumba yake bado iko Mji Mkongwe.

Wako wanaomsifu kama mtu mweusi aliyejenga utawala mkubwa kabla ya wazungu. Wako wanaomwona kama mwizi wa watu tu. Maandishi yake mwenyewe yanatosha kutusaidia kuamua, kwa kuwa hakuficha vita vyake. Aliviandika kama faida na hasara. Mtoto yeyote wa Lusenda anayesoma Kiswahili anaweza kuyafuata. Lakini asome kwa makini. Pale mwandishi anapotaja pembe, mtoto aulize nani alizibeba. Na pale anapotaja mlio wa bunduki, aulize nani alikuwa amesimama mbele yake.