Mahatma Gandhi: Amani ya Moyo Wakati wa Hatari

Katika kuadhimisha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona vema kuwasimulia waumini wenzetu na majirani zetu wa dini zote maisha ya Mahatma Gandhi, tukitazama jambo moja: jinsi alivyomtegemea Mungu wakati wa hofu.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, katika pwani ya Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Utotoni alikuwa mwoga. Aliogopa wezi, nyoka na mizimu, wala hakuthubutu kulala gizani. Mtumishi wa nyumbani kwao, bibi mmoja aliyeitwa Rambha, ndiye aliyemfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu ilipomjia. Fundisho hilo alidumu nalo hadi uzeeni.

Mwaka 1893, akiwa wakili kijana wa miaka 23, alisafiri kwa meli kwenda Afrika Kusini, akipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Huko alianza kutetea haki za Wahindi, na kwa sababu hiyo akachukiwa. Tarehe 13 Januari 1897, aliposhuka melini mjini Durban, umati wa Wazungu ulimzingira, ukampiga mawe na mateke hata akakaribia kuzirai. Bibi Alexander, mke wa mkuu wa polisi, alikuwa akipita. Akafungua mwavuli wake, akasimama kati yake na wale waliompiga. Usiku umati ukaizingira nyumba ya rafiki yake Rustomji alimokuwa amehifadhiwa, naye, kwa shauri la mkuu wa polisi, akaponyoka akiwa amevaa sare ya askari. Baadaye serikali ilipokuwa tayari kuwashtaki waliompiga, yeye alikataa.

Miaka 50 baadaye, Wahindu na Waislamu wa India walipokuwa wakiuana, Gandhi, mzee wa miaka 77, alikwenda Noakhali, ambako Wahindu walikuwa wameuawa. Alitembea peku kijiji hadi kijiji, akisali mbele ya watu. Kisha akaenda Bihar, ambako waliouawa walikuwa Waislamu, akawafariji vivyo hivyo.

Tarehe 20 Januari 1948 bomu lililipuka kwenye sala zake mjini Delhi. Hata hivyo hakukubali watu waliokuja kusali wapekuliwe na polisi. Siku kumi baadaye, tarehe 30, alipigwa risasi akielekea kwenye sala, akafa. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, ziwa lilelile linalopakana na Geita yetu.

Basi, imani yake haikumkinga na risasi. Ilimkinga asije akageuzwa na hofu kuwa mtu wa kudhuru wengine. Hilo ndilo tunalolihitaji sisi wa Shinyanga na Geita, kwa maana hofu tunaijua. Kijana anayeshuka duarani kutafuta dhahabu hana hakika kwamba udongo utamwacha apande tena. Hofu ya uchawi imewafanya watu wawaue vikongwe kwa ajili ya macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa kuni waliopikia wajukuu zao. Tamaa ya bahati nayo imewafanya wengine wamwage damu ya ndugu zetu wenye ualbino.

Kumtegemea Mungu si kukataa msaada wa wanadamu. Gandhi alikubali mwavuli na sare ya askari. Mwenye duara na aimarishe kuta zake kwa magogo, kisha asali. Na aliyefiwa, au aliyepotewa na mali, asimtafute mchawi miongoni mwa wazee wa kijiji. Na amtaje Mungu wake kwa jina alilofundishwa na mama yake, mpaka moyo utulie, ndipo aamue la kutenda.

Tunamwomba Mungu aijalie kila nyumba amani hiyo, ya waumini wa hekalu hili na ya majirani zetu.