Taha Hussein na Milango ya Shule

Tunapojadili mbinu za kufundisha, tumezoea kumtazama mwalimu. Safari hii tunapenda kumtazama mwanafunzi, tena mwanafunzi aliyefundishwa vibaya, ambaye baadaye alipata kuwa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Naye ni Taha Hussein wa Misri.

Alizaliwa mwaka 1889 kijijini karibu na mji wa Maghagha, mtoto wa 7 kati ya watoto 13 wa baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi macho yalimwuma. Akatibiwa na kinyozi wa kijiji, akapofuka. Siku moja mezani alilishika tonge kwa mikono miwili. Ndugu zake wakacheka, mama yake akalia. Tangu siku hiyo alijinyima kila chakula kinacholiwa kwa kijiko, asije akachekwa tena. Mwalimu mwenye mtoto mlemavu darasani na azingatie jinsi kicheko cha dakika moja kilivyomfuata mtoto huyu miaka mingi.

Chuoni alihifadhi Kurani yote kabla ya kutimiza miaka tisa, akaanza kuitwa shehe. Mwalimu wake aliridhika, akaacha kumdurusisha. Muda haukupita mrefu baba akamtaka asome Sura ya Ash-Shuaraa mbele ya wageni. Sura hiyo, pamoja na An-Naml na Al-Qasas zinazofuata, huanza kwa herufi zinazofanana, na mtoto hakuweza kupita mwanzo wa hata moja. Baba aliona kuwa mtoto amesahau. Sisi twaona kuwa hakuwahi kufundishwa: alikaririshwa tu. Na tusimcheke mwalimu yule wa Misri, kwani katika mazoezi ya kufundisha tumewaona wanachuo wetu wakiridhika na kiitikio cha darasa zima, bila kumwuliza mtoto mmoja mmoja ameelewa nini.

Mwaka 1902 alikwenda Cairo kusoma Al-Azhar. Huko aliwakera baadhi ya masheikh kwa maswali yake, na mwaka 1912 watahini walimwangusha katika mtihani wa shahada. Lakini Chuo Kikuu kipya cha Misri kilikwisha kufunguliwa mwaka 1908, naye alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo. Mwaka 1914 alipata udaktari kwa tasnifu juu ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi ambaye naye alikuwa kipofu. Kisha akapelekwa Ufaransa, akasoma Montpellier na Paris. Huko Suzanne Bresseau alimsomea vitabu, na mwaka 1917 wakaoana. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: alisomewa, akafikiri, akatamka, na katibu akaandika. Hata kitabu chake mashuhuri cha maisha yake, Al-Ayyam, alikitamka kwa namna hiyo.

Aliporudi nyumbani mwaka 1919 alifanywa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1926 alitoa kitabu kilichotia shaka asili ya mashairi mengi yanayosemwa kuwa ya Waarabu wa kabla ya Uislamu. Ghasia zilikuwa kubwa. Akahojiwa na mwendesha mashtaka, na kesi ikafungwa mwaka 1927. Lakini maadui hawakulala. Mwaka 1932, akiwa Mkuu wa Kitivo cha Fasihi, serikali ilimwondoa chuoni, na baadaye ikamfukuza kabisa kazini. Mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, alijiuzulu kwa kupinga jambo hilo.

Hebu tufikiri hali yake: mtu asiyeona, mwenye mke na watoto, hana mshahara, naye hajui kazi nyingine ila kufundisha. Aliigeukia kalamu, yaani kalamu ya katibu wake, akawa anaishi kwa kuandika magazetini. Mwishoni mwa mwaka 1934 alirudishwa chuoni, na mwaka 1936 akawa tena Mkuu wa Kitivo.

Alirudi akiwa na hoja moja, ambayo aliieleza kwa kirefu katika kitabu cha mwaka 1938 juu ya mustakabali wa elimu Misri: kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, wala si mali ya wenye kulipa. Alipokuwa mshauri wizarani, ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 1944. Alipoitwa kuwa waziri mwaka 1950, alikubali kwa sharti kwamba shule za sekondari na za ufundi nazo ziwe bure, na ikawa hivyo.

Si wote waliofurahi. Ismail al-Qabbani, mtaalamu mkubwa wa ualimu, alionya kwamba kuwaingiza watoto wengi kwa haraka, pasipo walimu na majengo ya kutosha, kungeishusha elimu yenyewe. Hoja hiyo si ngeni kwa mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watoto 90, wala hatuwezi kusema kuwa Al-Qabbani alikosea. Twaona tu kwamba mtoto aliye nje ya mlango hawezi kungoja mpaka madawati yatimie.

Taha Hussein aliacha uwaziri Januari 1952, serikali yake ilipoondolewa, akafariki tarehe 28 Oktoba 1973. Ada zile hazikurudishwa na waliomfuata.