Mildred Aldrich

Mildred Aldrich (16 Novemba 1853 – 19 Februari 1928) alikuwa mwandishi wa habari na wa vitabu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kitabu chake *A Hilltop on the Marne* cha mwaka 1915, kinachosimulia jinsi alivyohamia kijijini nchini Ufaransa ili apumzike uzeeni, na jinsi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivyomfikia mlangoni miezi mitatu tu baadaye.

## Maisha ya awali

Aldrich alizaliwa mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island, akakulia Boston. Alimaliza masomo yake mwaka 1872 akafundisha shule ya msingi kwa muda, kisha akaingia katika kazi ya magazeti. Aliandikia magazeti kadhaa ya Boston, kama vile *Boston Home Journal*, *Boston Journal* na *Boston Herald*, hasa kuhusu tamthilia na waigizaji.

Mwaka 1892 alihariri jarida dogo la kila wiki lililoitwa *The Mahogany Tree*. Halikudumu, lakini ndimo ilimochapishwa hadithi fupi ya kwanza ya Willa Cather, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi na baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya wa Marekani.

## Paris

Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 44, Aldrich alihamia Ufaransa. Mjini Paris alipata riziki kwa kuandikia magazeti ya Marekani, kutafsiri, na kuwasaidia wenye majumba ya maonyesho wa nchi yake kupata haki za kuigiza tamthilia za Kifaransa. Hakuolewa, wala hakuwa na mali ya kurithi, hivyo alitegemea kalamu yake.

Katika miaka hiyo alikuwa rafiki wa mwandishi Gertrude Stein na mwenzake Alice B. Toklas, ambao nyumbani kwao walikutana wachoraji na waandishi wengi wa zama zile. Baadaye Stein alimweleza katika kitabu chake *The Autobiography of Alice B. Toklas* (1933), na ni humo wasomaji wengi wa leo wanapokutana na jina la Aldrich kwa mara ya kwanza.

## Kuhamia Huiry

Kufikia mwaka 1914 Aldrich alikuwa na miaka 60. Alikuwa amechoka na mji, na maisha ya Paris yalikuwa ghali kwake. Akapanga nyumba ya zamani ya wakulima huko Huiry, kitongoji kidogo juu ya kilima kusini mwa mto Marne, karibu na mji wa Meaux na takriban kilomita 40 mashariki mwa Paris. Nyumba hiyo aliiita La Creste. Kutoka kwenye bustani yake aliweza kuona bonde lote la mto, mashamba, na vijiji vya ng'ambo.

Alihamia huko mwanzoni mwa Juni. Kurasa za kwanza za kitabu chake zinahusu mambo ambayo msomaji wa kumbukumbu za namna hii anayatarajia: matengenezo ya nyumba, bustani, majirani, na marafiki wa mjini wasioelewa kwa nini mtu aache Paris na kwenda kukaa peke yake shambani. Mtu anayejitokeza zaidi kati ya majirani ni Amélie, mwanamke wa kijijini aliyemsaidia kazi za nyumbani na kumweleza desturi za mahali pale.

Vitabu vya wageni waliohamia mashamba ya Ufaransa vilikuja kuwa vingi mno mwishoni mwa karne ya 20, hasa baada ya Mwingereza Peter Mayle kutoa *A Year in Provence* mwaka 1989. Kwa kawaida shida kubwa ndani yake ni mafundi wanaochelewa na baridi ya majira ya kipupwe. Aldrich aliandika zaidi ya miaka 70 kabla yake, na utulivu alioufuata haukudumu hata miezi miwili. Tarehe 1 Agosti 1914 serikali ya Ufaransa ilitangaza kuwaita wanaume jeshini, na siku mbili baadaye Ujerumani ikatangaza vita.

## Mapigano ya Marne

Marafiki walimsihi aondoke. Akiwa raia wa Marekani, nchi ambayo haikuwa upande wowote, angeweza kurudi Paris au kuvuka bahari kwenda kwao. Aliamua kubaki. Sababu anazozitoa ni za kawaida kabisa: vitu vyake vyote vilikuwa mle ndani, hakuwa na pesa za kuanza upya mahali pengine, na aliona aibu kuwakimbia majirani ambao wenyewe hawakuwa na pa kwenda. Hata hivyo tofauti kati yake na wao ilibaki. Kukaa kwake kulikuwa uamuzi. Kwa Amélie na wakulima wengine, shamba lilikuwa ndiyo riziki yao yote.

Mwishoni mwa Agosti barabara zilijaa wakimbizi kutoka kaskazini. Katika siku za kwanza za Septemba walifika askari wa Uingereza waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya Wajerumani, wamechoka na wana njaa. Aldrich na Amélie waliwapa chai na chakula, wakawapatia maji ya kunawa. Waingereza walivunja madaraja ya Marne nyuma yao, na uvumi ukaenea kwamba wapanda farasi wa Kijerumani wamejificha msituni karibu na kijiji.

Jeshi la kwanza la Ujerumani liligeuka kuelekea kusini-mashariki badala ya kwenda moja kwa moja Paris, na tarehe 5 Septemba Wafaransa walilishambulia ubavuni, kaskazini mwa Meaux. Mapigano hayo yalitokea mbele ya macho ya Aldrich, ng'ambo ya bonde. Akiwa bustanini na darubini aliona moshi wa mizinga na vijiji vikiwaka moto. Siku hiyohiyo, katika mashamba ya Villeroy upande wa pili wa mto, mshairi Mfaransa Charles Péguy aliuawa.

Nguvu ya kitabu inatokana na mahali aliposimama, na udhaifu wake pia. Aldrich aliona mengi lakini kwa mbali. Hakujua ni jeshi lipi lilikuwa likishinda, na maiti hazionekani vizuri kutoka kilimani. Msomaji anayetaka kujua vita vilivyopiganwa na majenerali atafute kwingine. Hapa atakuta jinsi mtu wa kawaida anavyoishi siku ambazo hana habari yoyote ya hakika, huku bado kuna kuku wa kulisha. Barua ya mwisho kitabuni ni ya tarehe 8 Septemba, siku nne kabla ya mapigano kumalizika.

## Kitabu na matokeo yake

Sehemu za barua hizo zilitoka kwanza katika jarida la *The Atlantic Monthly*, kisha kitabu kamili mwaka 1915. Kilipendwa sana Marekani kikachapishwa tena mara nyingi. Wasomaji wake walikuwa katika nchi iliyokuwa ikibishana kama iingie vitani au la, na hatimaye iliingia Aprili 1917.

Aldrich alikaa Huiry hadi vita vikaisha. Wanajeshi wa Ufaransa walilala nyumbani kwake mara kwa mara, na mwaka 1918 akawaona askari wa nchi yake mwenyewe wakipita. Aliendeleza masimulizi yake katika *On the Edge of the War Zone* (1917), *The Peak of the Load* (1918) na *When Johnny Comes Marching Home* (1919). Vitabu hivyo vina habari nyingi, ila hakuna kati yao kilicho na mshtuko wa kile cha kwanza.

Mwaka 1922 serikali ya Ufaransa ilimtunukia nishani ya Légion d'honneur, ikizingatia kwamba maandishi yake yaliwavuta Wamarekani kuunga mkono Ufaransa. Ni vigumu kupima kitabu kimoja kilichangia kiasi gani. Nyambizi za Ujerumani zilizozamisha meli za Marekani hakika zilichangia zaidi.

## Miaka ya mwisho

Sifa hazikumletea utajiri. Katika miaka ya 1920 fedha zilimwishia, na marafiki, akiwemo Gertrude Stein, walimsaidia kuchangisha ili asilazimike kuiacha nyumba yake. Mwaka 1926 alimaliza kuandika maisha yake chini ya jina *Confessions of a Breadwinner*, yaani maungamo ya mtu anayejitafutia riziki. Hayakuchapishwa alipokuwa hai, na nakala yake iliyopigwa chapa imehifadhiwa katika maktaba ya Schlesinger, Chuo Kikuu cha Harvard.

Alifariki tarehe 19 Februari 1928 katika hospitali ya Wamarekani huko Neuilly-sur-Seine, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 74. *A Hilltop on the Marne* kinaweza kusomwa bure mtandaoni kupitia Project Gutenberg.