Omukama Rumanyika na Bunduki ya Mgeni

Wanachuo wenzangu, ukitaja Karagwe na Kyerwa wengi wanawaza kahawa na ndizi. Mimi namkumbuka Omukama Rumanyika, aliyetawala kutoka Bweranyange kuanzia miaka ya 1850.

Teknolojia mpya ya enzi zake ilikuwa bunduki. Baba yake, Ndagara, alipofariki, ndugu yake Rogero aligombea kiti. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Tabora, alimuunga mkono Rumanyika, na bunduki zikasaidia kumaliza ugomvi. Aliyepata kiti kwa njia hiyo angeweza kabisa kuwa mtumwa wa vitu vya wageni.

Wageni hakuwafukuza. Waarabu walikaa Kafuro wakinunua pembe za ndovu. Novemba 1861 aliwapokea Speke na Grant. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa. Speke alimpa mfalme bunduki. Stanley alipofika 1876 aliikuta kwenye nyumba ya hazina, pamoja na ng'ombe wadogo wa chuma. Yaani kitu cha mgeni kilikuwa na mahali pake. Na ratiba ya ikulu ilibaki ya wenyewe: kila mwezi ulipoandama, ngoma zililia na wakuu wakaja kuonyesha utii.

Ila tusimfanye malaika. Katika ukoo wake wanawake walinyweshwa maziwa mpaka wengine wakashindwa kusimama. Speke alimpima mmoja wao unene. Maziwa ni chakula chema. Kilichokosekana ni kipimo, na mnywaji siye aliyeamua.

Hapo ndipo namwona mwanachuo wa leo. Simu ni chombo chetu cha kazi, sawa. Lakini grupu la kozi linaita saa sita usiku, kazi ya kukusanya asubuhi. Unasema nachungulia dakika mbili tu, alfajiri inakukuta TikTok, bando limeisha na kazi haijaguswa. Kuambiana tujizuie hakutoshi, maana anayemimina maziwa ni mwingine.

Kwa hiyo serikali ya wanafunzi ikae na wahadhiri na wawakilishi wa kozi, wakubaliane: baada ya saa tatu usiku hakuna kazi inayotumwa kwenye grupu. Vyumba vya kujisomea viwe na kabati la kuwekea simu. Sisi wa elimu kesho tutakabidhiwa madarasa, pengine Kayanga, pengine Nkwenda. Mtoto hatajifunza kipimo kwa mwalimu asiyekuwa nacho.