Ibn al-Haytham: Tumpe Sifa Zilizo Zake



Jina la Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham si geni masikioni mwenu. Sisi walimu tumekuwa tukiwasimulia kwamba ndiye aliyevumbua kamera, na kwamba kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manadhir, alikiandika akiwa kifungoni. Mwaka huu mwanafunzi mmoja alituuliza habari ya kifungo hicho imepokewa na nani. Tulikosa jibu. Ikabidi turudi vitabuni, na tuliyoyakuta yanatulazimu kusahihisha maneno yetu wenyewe.

Alizaliwa Basra, Iraq, karibu na mwaka 354 Hijria (965 Miladia), akafariki Cairo karibu na mwaka 430 (1040). Kisa cha kifungo kimesimuliwa na al-Qifti. Anaeleza kuwa Ibn al-Haytham alijigamba angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, mtawala wa Misri, al-Hakim, akamwita. Alipofika upande wa Aswan akaona haiwezekani, akarudi kuomba radhi; kisha kwa kuchelea ghadhabu ya mtawala akajifanya mwendawazimu, akazuiliwa nyumbani mpaka al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 411 (1021). Baada ya hapo aliishi jirani na al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hisabati.

Kisa kitamu, lakini al-Qifti alifariki mwaka 646 (1248), karne mbili baadaye. Nyinyi mnaosoma elimu ya hadithi mnajua sanad iliyokatika ina uzito gani. Hatusemi ni uongo, ila tusikiapie. Na hicho Kitab al-Manadhir chenyewe, wapo watafiti wanaoona kiliandikwa baada ya mwaka 1028, yaani hata kama kisa ni kweli, alikuwa keshaachwa huru.

Kuhusu kamera, kwamba mwanga ukipita katika tundu dogo huchora sura ukutani lilijulikana kabla yake. Alichofanya yeye ni kulipima jambo. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, akaona ukutani mianga yenye idadi ileile ya taa. Akiziba taa moja, mwanga wake tu ndio unaopotea. Akathibitisha kuwa mwanga hwenda kwa mstari ulionyooka, na kwamba mianga haichanganyikani inapopita tunduni. Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa miale hutoka jichoni; yeye akaonesha kwa hesabu na majaribio kuwa mwanga ndio unaolijia jicho. Hiyo ndiyo sifa yake, nayo ni kubwa kuliko kamera.

Alikosea pia. Alidhani kuona huanzia kwenye lenzi ya jicho. Johannes Kepler ndiye aliyebainisha, mwaka 1604, kuwa sura hujichora nyuma kabisa, kwenye retina. Kepler mwenyewe alikuwa ameisoma kazi ya Ibn al-Haytham, iliyopigwa chapa kwa Kilatini mjini Basel mwaka 1572. Wala yeye asingechukia kusahihishwa, kwani aliandika kitabu kizima cha kuonesha mashaka yaliyomo katika maneno ya Ptolemy, mtu aliyeheshimika kuliko wote katika elimu ya nyota.

Mwanafunzi aliyetuuliza tumempa mishumaa mitatu na kipande cha boksi chenye tundu. Wenzake walioshuhudia ukutani wanajua mshumaa wa kati ulipozibwa ni mwanga upi uliotoweka.