Maisha ya Marehemu Kleist Sykes

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu sisi wa Kidato cha Tatu tulipewa na mwalimu wa historia kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi walichagua machifu na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua mwenye duka, na sina budi kueleza sababu yake kwanza.

Nyumbani kwetu ni hapa Sumbawanga mjini, na baba yangu ana duka karibu na soko. Huuza sukari, chumvi, sabuni, majembe na madaftari. Wakulima wa vijijini hukopa kabla ya mavuno, naye huandika. Mahindi na ulezi vikishauzwa hulipa, na wengine hawalipi. Wakati wa likizo mimi husimama kwenye mizani, na nakiri kwamba nilikuwa nikijificha nyuma ya magunia kila nilipowaona wenzangu wa shule wakipita. Niliona kuwa mwenye duka ni mtu wa kuhesabu senti tu, wala jina lake haliwezi kuingia katika historia. Mwalimu alipojua hayo hakunigombeza, bali alinipa habari za Bwana Kleist nisome.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani katika mwaka wa 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alitoka upande wa Inhambane katika nchi ya Msumbiji. Alikuwa mmoja wa askari walioletwa na Wissmann, Mjeremani, kuja kupigana na Abushiri na watu wa pwani. Sipendi kulificha jambo hili. Baba wa mtu ninayemsifu alikuja nchini kwetu na bunduki ya mgeni, na nilipolisoma mara ya kwanza nilitaka kuchagua mtu mwingine. Lakini mtoto hachagui safari ya baba yake. Mbuwane alifariki Kleist angali mdogo, naye akalelewa Dar es Salaam na Effendi Plantan, aliyekuwa mkubwa wa askari wale wa Kizulu. Basi huyu atakayejulikana baadaye kwa kuilea nyumba yake, mwenyewe alilelewa katika nyumba ya watu.

Alisoma katika shule ya Wajeremani, akajua kusoma, kuandika na kupiga taipu. Vita Kuu ya kwanza ilipotokea alitumikia katika jeshi la Wajeremani chini ya von Lettow-Vorbeck. Sisi wa Ufipa vita hiyo haiko mbali nasi, maana jeshi hilo lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu na Zambia.

Waingereza waliposhika nchi, Kleist aliajiriwa ukarani wa hesabu katika Reli. Kazi ile ilikuwa na heshima kwa Mwafrika wa siku zile, na wengi walioipata walishukuru wakanyamaza. Yeye hakunyamaza. Katika mwaka wa 1924 alifika Tanganyika Dr. James Aggrey, mwenyeji wa nchi inayoitwa leo Ghana, pamoja na tume ya kuchungua elimu ya Waafrika. Kleist alionana naye, na katika mazungumzo yao likatoka wazo la Waafrika kuwa na chama chao wenyewe. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa Dar es Salaam, Cecil Matola akawa Rais na Kleist akawa Katibu. Wanachama walijenga nyumba ya chama kwa kujitolea, na mwaka 1933 ilikuwa tayari. Mwaka huohuo Kleist alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na chama hicho kikajenga shule ya watoto wa Kiislamu.

Nimefikiri sana juu ya kazi ya Katibu. Rais huonekana, lakini Katibu ndiye anayeandika barua usiku na kujua nani hajalipa ada. Asubuhi Kleist alihesabu fedha za Reli, jioni akaandika habari za Waafrika wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliacha mshahara, akaingia katika biashara. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka hamsini. Mtu wa umri huo kuacha mshahara wa mwisho wa mwezi na kutegemea kama mnunuzi atakuja au hatakuja, ni jambo ambalo mtoto wa mwenye duka analielewa bila kuelezwa.

Pamoja na mkewe, Bibi Mruguru binti Mussa, walipata wana watatu: Abdulwahid mwaka 1924, Ally mwaka 1926 na Abbas mwaka 1929. Wana hao walikua huku wakimwona baba yao na shughuli za chama. Vita Kuu ya pili iliwachukua Abdulwahid na Ally katika jeshi la Mwingereza, wakafika hata Burma, wakarudi salama. Bwana Kleist alifariki mwaka 1949.

Hakuiona TANU. Lakini TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ileile ya chama iliyojengwa siku za ukatibu wake, na wana wake wakubwa walikuwamo. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Nyerere, ya pili ya Ally, ya tatu ya Abdulwahid. Huyu Abdulwahid naye alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Mtaa wa Kipata, Dar es Salaam, sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes.

Haya yote tunayajua kwa sababu Kleist aliandika habari za maisha yake akawaachia jamaa zake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo, na habari za babu yake zikatoka katika kitabu cha mwaka 1973. Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikamfikiria baba, ambaye ameandika madeni ya watu miaka yote, na habari zake mwenyewe hajaandika hata mstari mmoja.

Likizo iliyopita nilimwomba anisimulie alivyoanza. Alicheka, akasema na wateja wawili kwanza, kisha akaniambia nilete kalamu. Alianzia kwenye safari zake za ujana kwenda Kasanga kununua dagaa na kupanda nao mlima hadi huku juu. Tuliandika siku nne, mizani ikiwa kati yetu. Daftari alilitoa kwenye rafu ya duka, na jioni nilipofungua kitabu cha madeni nikakuta amejiandikia bei yake.